Amefunua sufuria yangu, akanusa, akafunika. Halafu anasema "zamani watu walikuwa wanapika"

Mleta uzi

Wakuu, naandika huku mwiko ungali mkononi, kwa hiyo atakayeona nimepaza sauti anivumilie.

Mhusika simtaji, kwa sababu nyote mnamfahamu. Ni yule asiyeweza kuingia katika jiko la mtu bila kukumbuka jiko jingine lililolishinda, na ambaye kila sahani anayopakuliwa huila huku akisimulia sahani nyingine. Leo ameingia jikoni kwangu bila kuitwa, akaenda moja kwa moja hadi penye moto, akafunua sufuria, akanusa, akafunika. Angesema kitu hapo hapo ningemjibu na mambo yakaisha. Hakusema. Alikirudisha kifuniko taratibu, kwa utulivu ule wa mtu anayemfunika marehemu shuka, akapangusa vidole vyake kwenye kitambaa changu, ndipo akatamka: "Zamani watu walikuwa wanapika."

Naomba mnisaidie kuelewa. Kama zamani watu walikuwa wanapika, mimi niliyesimama mbele ya moto tangu asubuhi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naota moto? Maharagwe yale niliyachambua moja moja nikitoa mawe, nikayaloweka usiku kucha, nikayamwaga maji yake, nikayachemsha katika sufuria ya presha hadi yakalainika, kisha nikayahamishia katika sufuria ya kawaida na kuyaunga kwa vitunguu nilivyovikata mwenyewe, huku machozi yakinitiririka hadi kidevuni. Yeye katika yote hayo aliona kitu kimoja tu, yaani ile sufuria ya presha iliyokuwa kando. Aliitazama kwanza, ndipo akafunua. Kwa maneno mengine, hukumu ilikwisha kuandikwa kabla pua haijafika.

Hotuba iliyofuata mmeisikia mara nyingi. Katika zamani yake moto haukuwahi kutoa moshi, kitunguu hakikuwahi kumliza mtu, mkate uliumuka wenyewe kwa adabu, nguo zilinyooka kabla ya kuguswa na pasi, hakuna mtoto aliyewahi kukataa mboga, na mama wa nyumba aliamka jogoo akiwa bado hajafikiria kuwika, akapika, akafagia, akashona, akafuma, akaimba, na ilipofika jioni hakuwa amechoka hata kidogo. Chungu kimoja kiliushibisha ukoo mzima, majirani na wapita njia, na cha kesho kikabaki. Nilimuuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe katika zamani hiyo ulikuwa unashika nini?" Akanijibu bila kupepesa macho kwamba yeye alikuwa anakula.

Alikuwa anakula! Na leo pia alikula. Alikula, akaongezewa, akaomba tena, akaufuta mchuzi wa mwisho kwa kipande cha mkate, kisha akaegemea kiti na kusema kwamba si kibaya ila kuna kitu kinakosekana. Kitu gani, hakusema. Ulipofika wakati wa kuosha vyombo, alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Hayo yote ningeyameza. Kinachonichoma ni kile kifuniko. Kufunua, sawa. Kunusa, sawa, pua ni yake. Lakini kwa nini afunike? Angeiacha wazi ningejua kwamba bado ana matumaini. Wala sina ugomvi na mapishi ya zamani, maana hata mwiko huu nilioushika nimeurithi, na aliyeniachia, ambaye alipikia chungu na kuni maisha yake yote, hakuwahi hata siku moja kunifunikia sufuria usoni.

Kifuniko Kizito

Pole sana. Nathibitisha kila neno, kwa sababu mtu huyo alipita na kwangu. Hakugusa sufuria, alifungua jokofu, akaona bakuli la kiporo, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama ni cha mbwa. Kilikuwa chakula changu cha mchana.

Chuya Moja

Nina shaka kwamba mnamzungumzia mtu yule yule, kwa sababu wa kwangu yupo sebuleni sasa hivi, anamweleza mwanangu jinsi watu walivyokuwa wakipiga pasi ya mkaa bila kuunguza kola. Yeye mwenyewe amevaa shati lililojikunja, na ndiye aliyelikunja.

Sina Haraka

Mleta uzi, nimekusoma kwa makini. Kifuniko nimekijua, pua nimeijua, marehemu nimemjua. Sijaona mahali popote palipoandikwa kwamba maharagwe yalikuwa na chumvi. Mtu hanusi akafunika bila sababu.

Mleta uzi

Chumvi ilikuwemo. Na chumvi haina harufu, ndugu yangu, kwa hiyo hata kama isingekuwemo pua yake isingejua. Alifunika kabla ya kuonja. Jibu hilo.

Mtunza Tarehe

Naomba kuchangia jambo moja dogo. Sufuria ya presha iliyodharauliwa si mtoto wa jana. Ilibuniwa na Mfaransa Denis Papin mwaka 1679, na mwaka 1682 aliwaandalia wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi jijini London, mlo wa jioni uliopikwa ndani yake, mifupa ikiwemo, ikiwa imelainika. Kazi yake ni ile ile hadi leo: mvuke unazuiwa kutoka, mgandamizo unapanda, na maji yanafikia nyuzi takribani 120 za Selsiasi badala ya 100, ndiyo maana maharagwe hayachukui nusu siku. Ikiwa chombo chenye zaidi ya karne 3 ni cha kisasa mno kwa mheshimiwa, basi atueleze hiyo zamani yake ilianza lini na iliishia wapi.

Chuya Moja

Iliishia siku alipohama nyumbani kwa mama yake.

Moto Mdogo

Naomba nimtetee mshtakiwa kidogo, ingawa kule kufunika hakutetewi. Lipo jambo la kweli ndani ya hotuba zake ambalo yeye mwenyewe hawezi kulieleza, kwa kuwa alikuwa anakula. Kitunguu kimejaa maji, na maadamu maji hayo hayajapungua, joto la kitunguu halipandi sana kupita nyuzi 100, kwa hiyo kinachemka tu hata kama kimezungukwa na mafuta. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita watu mezani huja maji yakishakwenda zake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na badiliko ambalo mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Waliotutangulia jikoni hawakuwa na habari na Maillard, lakini walikuwa na masikio. Walijua kwamba mlio wa sufuria hubadilika, ule wa kububujika ukififia na wa kuchachatika ukichukua nafasi yake, na waliweza kuwa uani wanaanika nguo wakapaza sauti, "Geuza vitunguu!" bila kuviona. Leo maelezo ya mapishi yanakuambia ukaange kitunguu kwa dakika 5 hadi kiwe cha kahawia, jambo linalowezekana tu kama umeamua kukiunguza. Subira hiyo ndiyo iliyopotea, na hiyo ndiyo inayonukia, au isiyonukia, mtu anapofunua sufuria. Kwa hiyo, mleta uzi, atuambie: vitunguu vyake vilikaa motoni muda gani?

Mleta uzi

Vilikaa hadi vikawa vya kahawia. Mbona nahojiwa mimi? Aliyefunika ni yeye!

Sina Haraka

Amekwepa swali. Naanza kumwelewa aliyefunika.

Jivu la Jana

Moto Mdogo, maelezo yako ni mazuri, lakini huo mlio wengi waliusikiliza wakiwa wanakohoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kwamba watu wapatao bilioni 2.1 bado wanapikia kuni, mkaa, samadi au mafuta ya taa kwenye mafiga au majiko yanayofuka moshi. Maana yake ni kwamba zamani anayoililia mheshimiwa haijaenda popote. Aliyehama ni yeye. Akitaka kurudi, kuni zipo, moshi upo, na nafasi ya kupuliza moto iko wazi.

Patasi na Nyundo

Na ikiwa tunazungumzia busara ya zamani, tusisahau kwamba chakula cha kopo kilipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, nchini Uingereza mwaka 1810, kwa jina la Peter Durand, ilhali Mmarekani Ezra Warner alipata hataza ya kifungulio chake mwaka 1858. Kwa miaka mingi hapo katikati, watu walifungua makopo yao kwa patasi na nyundo, na bila shaka palikuwepo na mtu amekaa pembeni akisema zamani watu walikuwa wanapika. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kifungulio changu kiliazimwa "kwa dakika moja" na hakijarudi. Aliyekiazima ni mwanachama humu, anausoma uzi huu, na anajijua.

Kifuniko Kizito

Mimi nilirudisha.

Patasi na Nyundo

Ulirudisha kingine. Changu kilikuwa kinafungua.

Goti Bovu

Samahani kwa kuingilia, lakini mnamwacha mkosaji mkubwa kuliko wote, naye ni yule anayebuni majiko. Mbunifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni mwaka 1926 jiko maarufu la Frankfurt, Ujerumani, lililojengwa katika nyumba zipatazo 10,000, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba kabla ya kulibuni hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika. Hata hivyo alikuwa na utu: alipima hatua za mpishi, akaweka meza ya kazi chini ya dirisha na kigoda cha kukalia. Aliyebuni jiko langu naye hajawahi kupika, lakini yeye hajawahi pia kumwona mtu anapika. Kabati la vikombe ameliweka juu kiasi kwamba ninapohitaji kikombe huwaaga kwanza watu wa nyumbani, na mlango wa oveni ukifunguka, mlango wa jiko haufunguki, kwa hiyo mkate ukianza kuungua tunaungua wote.

Mleta uzi

Waheshimiwa, poleni kwa makabati. Naomba tu turudi kwenye kifuniko.

Chuya Moja

Kwa kuwa mleta uzi mwenyewe amegusia vifuniko: naomba kujua vifuniko vya vyombo vya plastiki huenda wapi. Nyumbani kwangu nina vyombo vingi ajabu na vifuniko vingi ajabu, na hakuna kifuniko hata kimoja kinachokitambua chombo hata kimoja. Wageni wakibebeshwa chakula, chombo hurudi uchi. Wengine hawakirudishi kabisa, na ukiwatembelea unakiona kabatini kwao, kimekaa kwa raha, kina kifuniko chake.

Goti Bovu

Kinachorudi bila kifuniko ni afadhali. Mimi nilirudishiwa cha mtu mwingine, na mwenyewe alikitambua mbele ya wageni.

Sabuni ya Kipande

Nimesoma hadi hapa na bado hakuna aliyeuliza ni nani aliyeosha hivyo vyombo. Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan alieleza mwaka 1983 kwamba vifaa vilipoingia majumbani, kazi zilizopungua zaidi zilikuwa za wanaume na watoto, kama vile kupasua kuni, kusaga nafaka na kuteka maji, ilhali za mama wa nyumba zilibaki pale pale au zikaongezeka, kwa sababu kiwango cha usafi kilipanda pamoja na vifaa. Kufua kulipokuwa rahisi, shati la wiki nzima likawa la siku moja. Kwangu vifaa vipo, na ninavishukuru, lakini hakuna hata kimoja ambacho kimewahi kukwangua sufuria iliyoungua. Sufuria hiyo huungua akiwa anapika mtu mmoja ambaye simtaji, naye huijaza maji, huiweka pembeni ya sinki na kutangaza kwamba ameiloweka.

Moto Mdogo

Kuloweka ni hatua halali. Maji ya moto na magadi kidogo hulegeza yale yaliyoganda, na hapo mtu hukwangua bila kuichubua sufuria.

Sabuni ya Kipande

Ndugu yangu, hatua halali hufuatwa na hatua nyingine. Hii ilifuatwa na mtu kwenda kulala.

Jivu la Jana

Wa kwangu huyamwaga yale maji kila asubuhi, akaweka mengine masafi, na sufuria ikaendelea.

Kifuniko Kizito

Wa kwangu aliongeza sabuni, akasimama hapo akisubiri ashukuriwe.