Jaribio la kukariri tarakimu: kwa nini darasa haliifiki saba?

Mdodosi

Heshima kwenu wakuu. Naandaa somo la vitendo la saikolojia ya utambuzi kwa wanachuo wa ualimu, mada ni kumbukumbu ya muda mfupi. Kitabu kinasema mtu mzima hushika vitu saba, ongeza au punguza viwili. Tumefanya jaribio la tarakimu kwa Kiswahili: nasoma orodha, wanairudia kwa mpangilio uleule, naongeza tarakimu moja moja mpaka washindwe. Wengi wanakwama kwenye tano au sita. Waliojaribu kwa Kiingereza walisogea mbele kidogo.

Kosa liko kwenye uendeshaji au kwenye lugha? Na la pili: kumbukumbu ya muda mfupi na kumbukumbu ya kazi ni kitu kimoja chenye majina mawili, au ni vitu viwili? Vitabu vinavichanganya na wanachuo wanataka jibu la kuandika kwenye mtihani.

---

Kitanzi

Mkuu, anza na lugha. Hesabu silabi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zote ni silabi mbili, hata nne, maana ile n ya mwanzo inajitegemea. Sifuri ina tatu. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili. Zilizobaki ni silabi moja moja.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 1975 Baddeley, Thomson na Buchanan walionyesha kwamba watu hukumbuka maneno mafupi mengi kuliko marefu, na kwamba kiasi anachoshika mtu kinakaribia kile anachoweza kukitamka ndani ya sekunde 2 hivi. Maelezo yao: alama ya sauti kichwani hufifia haraka isipohuishwa, na njia ya kuihuisha ni kuirudia kimoyomoyo. Maneno yakiwa marefu, unapomaliza kuzunguka orodha lile la kwanza limeshafutika.

Mwaka 1980 Ellis na Hennelly waliwapima watu wa Wales wanaojua Kiwelisi na Kiingereza. Tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamka, na watu walewale walipata alama ndogo kwa Kiwelisi. Mwaka 1986 Naveh-Benjamin na Ayres wakalinganisha Kiingereza, Kihispania, Kiebrania na Kiarabu; Kiarabu, ambacho majina yake ya tarakimu ni marefu kuliko ya lugha zile nyingine, ndicho kilichotoa alama za chini kabisa. Kwa hiyo tano au sita kwa Kiswahili hainishtui hata kidogo.

Ila usiishie kwenye kuamini, pima. Chapa tarakimu 40 kwenye karatasi, 1 hadi 9 zikiwa zimechanganywa. Mwanachuo azisome kwa sauti haraka awezavyo bila kumeza silabi, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza, wewe ukiwa na saa. Gawa 40 kwa sekunde alizotumia, kisha zidisha kwa 2. Mfano wa hesabu tu: akitumia sekunde 14, ni 40 ÷ 14 = 2.86 kwa sekunde, mara 2 ni 5.7. Linganisha na alama yake ya kukariri. Hazitalingana mtu kwa mtu, lakini wanaosoma haraka kwa kawaida ndio wanaokariri zaidi, na pengo la lugha mbili linatakiwa kuelekea upande uleule.

Angalizo moja: waliosoma sekondari kwa Kiingereza wanaweza kusikia Kiswahili na kurudia kimoyomoyo kwa Kiingereza. Baada ya jaribio muulize kila mmoja kichwani alikuwa anahesabu kwa lugha gani, na uandike jibu kwenye fomu. Usipouliza, data zako za "Kiswahili" zitakuwa mchanganyiko.

---

Karatasi_Nyeupe

Nakubaliana na Kitanzi kuhusu lugha, ila kabla ya kuilaumu ningekagua uendeshaji, na hasa namna ya kutoa alama. Walimu wengi huteleza hapo.

Chukua mtu aliyepata orodha zote mbili za tarakimu tano, moja kati ya mbili za sita, na akakosa zote za saba. Ukidai apate zote mbili ndipo umhesabie, ana 5. Ukikubali hata moja, ana 6. Ukitoa nusu kwa kila orodha ya ziada, ana 5.5. Mtu yuleyule, alama tatu tofauti! Amua kanuni kabla ya kuanza na uiandike kwenye ripoti. Na kama unalinganisha na namba ya kitabuni, tafuta kwanza nao walihesabu vipi.

Orodha zenyewe: andaa mbili kwa kila urefu, kuanzia tarakimu 3 hadi 9. Hizo ni orodha 14 kwa lugha moja, 28 kwa lugha mbili, bila kutumia orodha ileile mara mbili. Tarakimu isijirudie ndani ya orodha, ndiyo maana tunaishia 9. Sifuri iache kabisa kwa sababu aliyoitaja Kitanzi. Ondoa mfuatano kama 4-5-6 au 8-7-6. Ondoa pia mafungu yanayojulikana: 254 ni msimbo wa simu wa Kenya, 256 wa Uganda, na mtu atazishika kama kitu kimoja badala ya vitatu.

Kusoma: tarakimu moja kila sekunde, ukifuata mshale wa saa au programu ya mapigo iliyowekwa 60 kwa dakika. Sauti iwe bapa. Kosa la kawaida ni kusoma kwa mdundo wa kutaja namba ya simu, tatu-tatu, na hapo unakuwa umewafungia mafungu wewe mwenyewe. Punguza sauti kidogo kwenye tarakimu ya mwisho tu, ili wajue imeisha.

Ukipima darasa zima kwa pamoja, kalamu ziwe mezani hadi useme "andika", na waandike kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma. Usipokataza, wajanja wataandika tarakimu tatu za mwisho kwanza zikiwa bado mbichi, kisha warudi mwanzo. Huo si udanganyifu, ni akili, lakini jaribio linakuwa jingine. Tarakimu sahihi katika mpangilio usio sahihi ni kosa.

Nusu ya darasa ianze na Kiswahili, nusu na Kiingereza. Wakianza wote na Kiswahili, hutajua kama Kiingereza kilipanda kwa sababu ya lugha au kwa sababu walishazoea.

Makosa yao yasitupwe. Conrad alionyesha mwaka 1964 kwamba watu hata wakiona herufi kwa macho, wanapokosea huchanganya zile zinazofanana kwa sauti. Kwa Kiswahili angalia nne na nane, tatu na tano. Sita na tisa zinavutia, konsonanti zake zimebadilishana nafasi, lakini usizitegemee kama ushahidi: 6 na 9 zinafanana hata kwa umbo, hivyo hutajua kosa limetoka sikioni au machoni. Nne na nane ndiyo jozi safi.

---

Mdodosi

Asanteni sana wakuu. Kwenye alama mmenishika: nilikuwa nadai zote mbili. Bado swali la pili. Na je, "saba, ongeza au punguza mbili" niiandike ubaoni au niifute?

---

Kitanzi

Iandike pamoja na masharti yake. Namba hiyo inatoka kwenye makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956. Ilihusu mipaka miwili: ni viwango vingapi vya sauti au mwanga mtu anaweza kuvitofautisha bila kukosea, na ni vitu vingapi anaweza kuvirudia mara baada ya kuvisikia. Pote namba ilizunguka saba, na Miller mwenyewe alishuku kwamba huenda ni sadfa. Mchango mkubwa wa makala ile ni dhana ya fungu, ambayo ndiyo wanachuo huisahau. Waandikie 19611964. Ni tarakimu nane, lakini kwa Mtanzania ni mafungu mawili: Uhuru wa Tanganyika na Muungano. Kwa mtu asiyeijua miaka hiyo ni mzigo wa tarakimu nane. Kwa hiyo uwezo unahesabiwa kwa mafungu, na ukubwa wa fungu unatokana na kile ambacho mtu tayari anakijua.

Cowan mwaka 2001 alikusanya ushahidi kwamba mtu akizuiwa kufunga mafungu na kurudia kimoyomoyo, kinachobaki ni mafungu kama manne. Namba 7 na 4 hazigombani. Zinapima hali mbili tofauti.

---

Ubao_Mweusi

Kuhusu muda mfupi na kazi: si kitu kimoja, ingawa kumbukumbu ya kazi imeimeza ile nyingine.

Modeli ya Atkinson na Shiffrin ya 1968 ina ghala tatu: ya hisi, ya muda mfupi, ya muda mrefu. Ghala ya muda mfupi ndiyo mlango wa kwenda ya muda mrefu. Shida ikaja na mgonjwa anayejulikana kwa herufi K.F., aliyechunguzwa Uingereza na Warrington na Shallice. Akisomewa tarakimu alishika moja au mbili tu, lakini kujifunza kwake kwa muda mrefu kulikuwa kwa kawaida. Kama mlango ni mmoja na umeharibika, vitu vinaingiaje ndani?

Baddeley na Hitch, 1974, waliwashikisha watu tarakimu kadhaa huku wakitatua maswali ya mantiki. Kama ghala ni moja dogo, tarakimu sita zingelijaza na fikra zikwame. Hazikukwama. Watu walikuwa polepole zaidi, lakini makosa hayakuongezeka sana. Hivyo wakapendekeza mfumo wenye sehemu: kitanzi cha sauti kinachoshika maneno na tarakimu, ubao wa picha unaoshika maumbo na mahali, na msimamizi mkuu anayegawa uangalifu kati ya kazi. Mwaka 2000 Baddeley akaongeza sehemu ya nne, kihifadhi cha matukio, kinachounganisha sauti, picha na yaliyomo kwenye kumbukumbu ya muda mrefu.

Kwa lugha ya mtihani: kumbukumbu ya muda mfupi ni kushika habari kwa sekunde chache; kumbukumbu ya kazi ni kuishika huku ukiifanyia kazi. Kurudia 5-2-9-4 kama ulivyosikia kunategemea zaidi kitanzi cha sauti. Kuirudia kinyumenyume, 4-9-2-5, kunamhitaji msimamizi, na alama kwa kawaida hushuka. Ukitaka kuonyesha tofauti darasani, endesha zote mbili. Ya kinyume ianze na tarakimu 2. Sipendi walimu wanaosema moja kwa moja kwamba ya mbele ni "muda mfupi" na ya nyuma ni "kazi". Kitanzi cha sauti kinatumika katika zote.

Sasa turudi kwenye swali la Kiswahili, maana kuna jaribio linaloweza kulimaliza. Badala ya kusoma kwa sauti, onyesha tarakimu kwenye kadi, moja moja, kila moja sekunde 1, na majibu yaandikwe kwa tarakimu. Umbo 4 ni lilelile kwa lugha zote mbili, kilichobaki tofauti ni lugha ya kurudia kimoyomoyo. Waelekeze: awamu hii rudia kwa Kiswahili, awamu hii kwa Kiingereza.

Kisha rudia awamu zote mbili huku wakinong'ona "la, la, la" bila kukatiza, kama mara mbili kwa sekunde, tangu kadi ya kwanza hadi wamalize kuandika. Mdomo ukishughulishwa hivyo, kitanzi kinakosa nafasi ya kurudia. Alama zitashuka kwa wote, hilo litarajie. Unachotafuta ni pengo: kama tofauti ya Kiswahili na Kiingereza ilitokana na urefu wa kutamka, inatakiwa ipungue sana au ipotee. Ikibaki vilevile, tafuta sababu nyingine, kwa mfano lugha waliyozoea kuitumia kwenye hesabu.

Inayoharibu jaribio hili ni watu kusitasita: wanasema "la, la", wanameza tarakimu mbili kimyakimya, wanaendelea. Waweke wawili wawili, mmoja afanye na mwenzake asikilize na kuweka alama kila anapokatiza. Orodha yenye katizo zaidi ya moja itupwe. Hakikisha awamu za kawaida nazo zinafanywa kwa kadi, si kwa sauti. Ukilinganisha kusikia bila "la" na kuona kukiwa na "la", umebadilisha mambo mawili kwa mpigo na matokeo hayatasomeka.

---

Karatasi_Nyeupe

Naongeza moja kwa Ubao_Mweusi. Maelezo ya sekunde 2 yana wapinzani: tafiti za baadaye zilizochagua maneno kwa uangalifu zaidi zimedai kwamba si muda wa kutamka peke yake unaofanya kazi, bali pia sifa nyingine zinazoambatana na urefu, kama idadi ya maneno mengine yanayofanana nalo. Wanachuo waandike "inakaribia" na "inahusiana na", wasiandike "inasababishwa na".

Na usichukue orodha kutoka kwenye majaribio rasmi ya akili kama ya Wechsler. Yale ni ya wataalamu waliofunzwa, yana haki zake, na yakizagaa madarasani yanapoteza kazi hospitalini, kwa sababu mgonjwa atakuwa ameshayaona. Tengeneza zako, na matokeo yabandikwe bila majina. Mwanachuo mwenye 4 kwenye chumba chenye kelele za mabati na mvua hajapimwa akili.

---

Mdodosi

Nimeelewa wakuu. Kadi na "la, la, la" ndiyo tutafanya wiki ijayo, wawili wawili. Swali dogo la mwisho: orodha 28 kwa kikao kimoja si nyingi?

---

Ubao_Mweusi

Hazitatumika zote, mkuu. Unasimama mtu akikosa orodha mbili za urefu mmoja, kwa hiyo wengi hawataziona hata zile za tarakimu nane. Hiyo ni ukipima mmoja mmoja au wawili wawili. Darasa zima kwa pamoja itabidi uende hadi mwisho, na hapo gawa vikao viwili. Awamu za "la" zinahitaji orodha mpya, usirudishe zilizotumika: Hebb alionyesha mwaka 1961 kwamba orodha ya tarakimu ikirudiwarudiwa katikati ya nyingine, watu huikariri vizuri zaidi bila hata wengi wao kutambua.