Takwimu mwaka wa kwanza biashara: kalkuleta inanipa majibu mawili, lipi la kweli?

binti_urojo (Unguja)

Assalamu alaykum jamani, naombeni msaada kabla sijalia. Mie niko mwaka wa kwanza, nasomea biashara, skuli nilichukua arts na hesabu mara ya mwisho kukaa nazo kwa amani ni fomu tuu. Sasa huku chuo tumekutana na takwimu na tesiti ya kwanza nimepata 11 juu ya 30. Lekcha wetu sina baya nae ila mkono mmoja unaandika fomula mwengine unafuta, ukiinua kichwa keshafika mfano wa tatu, na ukiuliza darasa zima linakugeukia.

Nikasema basi nijifunze mwenyewe, na niache mifano ya kitabu ya viwanda ambavyo sijawahi kuviona. Mama yangu anauza urojo jioni hapa barazani petu, nikachukua bakuli alizouza Jumatatu mpaka Ijumaa: 40, 52, 47, 61, 50. Wastani 50, hapo sina tabu. Nikaingia kwenye standadi deviesheni, yani kipimo cha namba zinavyotawanyika na wastani, kwa mkono, nikagawa kwa 5, nikapata 6.84. Kaka yangu akachukua Casio yake akaniambia hapana ni 7.65. Tukabishana mpaka mama akatufukuza jikoni. Kumbe kalkuleta hiyo hiyo ina xσn na ina xσn-1, ukichagua hii unapata langu ukichagua ile unapata la kaka.

Sasa maswali yangu. Kwa nini ziko mbili? Hiyo moja inayopunguzwa inakwenda wapi? Na mtu wa biashara inamuhusu nini yote haya, maana mama anauza miaka na miaka hajui standadi deviesheni na hajafilisika.

yakhe_mjini

Usijipe presha dada. Data zikiwa chini ya 30 gawa kwa n-1 (n ni idadi ya data), zikizidi 30 gawa kwa n. Mie nilikariri hivyo na nimepita na B. Kukariri ndo siri, pata madesa ya miaka ya nyuma ukeshe nayo.

maalim_mstaafu

Yakhe, usimpoteze mtoto wa watu. Hiyo 30 yako umeitoa kwenye mlango mwengine ukaileta huku, ntaifikia.

Mwanangu binti_urojo, kwanza nikupongeze kwa kuchukua bakuli za mama, hapo umeshawapita wenzio wengi. Majibu yenu yote mawili ni sahihi ila kila moja linajibu suala lake. Ukiwa unataka kujua siku hizo tano TU zilitawanyika vipi, hizo tano ndo dunia yako yote, gawa kwa 5. Lakini nani ana shida na Jumatatu iliyopita? Mama anataka kujua biashara yake kwa jumla, siku zijazo zimo na za mwezi uliopita zimo. Hapo hizo tano ni sampuli, mchoto tu, na ukichota unagawa kwa n-1. Kwa hiyo kaka yako ndo aliyejibu suala lenye faida, mwombe radhi.

Suala la hiyo moja inakwenda wapi. Chukua karatasi tufanye pamoja. Tofauti za kila siku na wastani wako ni -10, 2, -3, 11, 0. Zipige mraba: 100, 4, 9, 121, 0. Jumla 234. Sasa fanya mchezo huu, jifanye huujui wastani, useme labda wastani wa kweli wa biashara ya mama si 50 ni 48. Rudia kutoa na kupiga mraba, utapata 254. Jaribu 55, utapata 359. Jaribu namba yoyote uipendayo, usiku kucha ukitaka, hutopata chini ya 234. Ile 50 imetoka ndani ya data hizo hizo kwa hiyo imekaa pahala pa kuzipendeza, inazikaribia kuliko namba nyengine yoyote. Wastani wa kweli wa mama hatuujui, na takriban hakika hauko 50 kamili. Maana yake 234 ni ndogo kuliko inavyostahiki, ukiigawa kwa 5 unajidanganya kwamba biashara imetulia kuliko ilivyo. Ndo tunagawa kwa 4 kuinyanyua kidogo, 58.5, kipeuo chake cha pili 7.65.

Na kwa nini ipungue moja, isipungue mbili? Zitizame tena zile tofauti, jumla yake sifuri. Daima sifuri. Nikikupa nne na kukuficha ya tano utaitaja bila ya kuiona. Kwa hiyo zilizo huru kusema jambo jipya ni nne, ya tano inafuata mkumbo. Hizo nne ndo wanaita digrii za uhuru, jina kubwa kitu kidogo.

Ama 30 ya yakhe, ile inahusu kuchagua jedwali, la t au la z. Haihusu kugawa. Hata ukiwa na data 500, zikiwa sampuli unagawa kwa 499, ila hapo tofauti yake haionekani, ndo maana watu wanazembea.

Kwenye Excel usichanganye, STDEV.S ni ya sampuli, STDEV.P ni ya wote.

yakhe_mjini

Maalim nimekoma 😂 B yangu wanirudishie sasa?

bi_stoo

Shoga mie nimemaliza miaka minne nyuma, sasa niko ofisi ya mahesabu kwenye hoteli moja ya pwani sitoitaja, na ntakwambia kitu ambacho nilikielewa nikiwa kazini tu. Wewe na kaka yako mmegombea 6.84 na 7.65, sawa, lakini hamkugombea data. Hizo siku tano ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili je? Siku ya mvua? Mwezi wa Ramadhani urojo unauzwa saa ngapi na kwa nani? Ukiweka usiku wa sikukuu ukauza, tuseme 190, basi wastani wako unaruka kutoka 50 mpaka 73 na hakuna hata siku moja ya kawaida mama aliyouza 73. Mediani, ile namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, inatoka 50 mpaka 51 tu, haijashtuka. Mimi bosi akitaka "wastani wa mauzo" humpa zote mbili, zikipishana sana najua kuna siku moja imekalia mzani.

Na sampuli ndo iliyonitia aibu. Risechi yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa kuhusu watu wa mjini wanatumia kiasi gani kula nje. Nikachukua karatasi zangu nikenda Forodhani, bustani ya pwani wanapouza vyakula, saa mbili usiku, kwa sababu pana taa na pana upepo na rafiki zangu walikuwa wapo. Nikahoji watu 60. Nusu wageni, waliobaki ni watu waliokuja kujistarehesha wana pesa mfukoni. Jibu lilitoka zuri, grafu nzuri, wastani mkubwa ajabu, nikaandika kwamba hivyo ndivyo wanavyokula watu wa mjini. Msimamizi akaniuliza suala moja tu: "Mama yako ulimhoji?" Wallahi sikuwa na la kusema. Watu 60 au 600, ukiwachukua pahala pamoja wakati ule ule umekuza kosa tu. Standadi deviesheni haikwambii kama umesimama pahala sipo.

mkwezi_wete (Pemba)

Haya ya wastani waulizeni watu wa karafuu. Babu ana shamba, karafuu si kama nazi, hazizai sawa, unakaa miaka inazaa kidogo kidogo halafu mwaka mmoja unakuja wa neema mpaka watu wa kuchuma hawapatikani na majamvi ya kuanikia hayatoshi. Tuseme magunia 3, 2, 4, halafu 15. Wastani 6. Njoo na hiyo 6 yako kwa babu umwambie apange matumizi, atakufukuza na panga. Miaka mitatu atalala na njaa na mmoja atashangaa pesa zimetoka wapi. Nimepiga kwa n-1 kama alivyosema maalim, standadi deviesheni ni 6.06, yani mtawanyiko umeupita wastani wenyewe. Nilivyoiona namba hiyo ndo nikafahamu kwa nini babu huweka, hata mwaka wa neema anakula kama yuko mwaka wa shida. Hajui fomula, lakini anakijua inachosema, sawa na mama yako.

Halafu mkifika kwenye korelesheni, vitu viwili kwenda pamoja, mtakuja kunikumbuka. Kwetu mwaka wa karafuu harusi zinafuatana, na nyumba zinavaa bati mpya. Ukichora kwenye grafu, harusi na bati zinapanda pamoja zinashuka pamoja, mstari mzuri kabisa. Sasa mwanafunzi asiyefikiri ataandika kwamba kuoa kunasababisha kuezeka. Ingawa kwa wengine ni kweli, mkwe hakubali nyumba ya makuti 😂 lakini mwenye kuzipandisha zote mbili ni karafuu, na karafuu hujaiweka kwenye jedwali lako.

binti_urojo (Unguja)

Maalim, Mungu akujaalie. Nimefanya ule mchezo, nimejaribu 49, 51, 50.5 na nyengine, kweli hamna inayoshuka chini ya 234. Kaka kakaa pembeni anacheka kama kwamba yeye alijua, kumbe alibahatisha kitufe.

Ila nina la mwisho. Umesema jedwali la t na la z. Mie nimefunzwa 1.96 kila pahala, ndo nini hiyo t?

maalim_mstaafu

Hapa pana hadithi. Alikuwepo bwana mmoja Muingereza, William Gosset, ameajiriwa na Guinness kule Dublin. Ndio, kiwanda cha bia, astaghfirullah, lakini hesabu yake halali. Kazini kwake sampuli zilikuwa chache, huwezi kupima shayiri mara elfu, unapima mara nne, tano, basi. Akaona hesabu zilizokuwepo wakati ule zinadai data nyingi, ukizitumia kwa data chache unajiamini kupita kiasi. Akenda kukaa kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu, London kusoma, na mwaka 1908 akatoa makala yake. Kampuni ilikuwa haitaki wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo akajiita "Student", mwanafunzi. Ndo mpaka leo inaitwa t ya Student. Kwa hiyo mnavyoona kitu hiki kina jina la mtu wa biashara anayejificha, si profesa, msiseme tena takwimu hazina kazi kwenye biashara.

Sasa kwa mama. 7.65 gawa kwa kipeuo cha pili cha 5, unapata 3.42, kiasi ambacho wastani wenyewe unayumba. Ukizidisha kwa 1.96, namba ya jedwali la z kwa asilimia 95, utasema wastani wa kweli uko 50, ongeza au punguza 6.7. Lakini una siku tano tu, digrii nne, jedwali la t linakupa 2.776, kwa hiyo ni 50 ongeza au punguza 9.5, yani baina ya 40.5 na 59.5. Tazama upana ulivyoongezeka. Ndo bei ya kuwa na data chache, huwezi kuikwepa kwa kukaza uso.

Na tafadhali kwenye mtihani usiandike kwamba "asilimia 95 ya siku mama atauza baina ya 40.5 na 59.5". Utakatwa maksi na haki yao. Mpaka ule ni wa wastani, si wa siku moja moja. Tena hiyo 95 ni sifa ya njia, ukirudia kuchota sampuli mara nyingi na kila mara ukapiga mpaka wako, kiasi cha 95 katika kila 100 zitaudaka wastani wa kweli. Tizama data yako mwenyewe, siku mbili kati ya tano, ile ya 40 na ile ya 61, ziko nje ya mpaka na hakuna kosa lolote.

yakhe_mjini

Hii ya mwisho mie niliiandika hivyo hivyo kwenye sapu, mtihani wa marudio. Sasa nimejua.

bi_stoo

Kumbe ile B ilipitia sapu? 👀

yakhe_mjini

Tuendelee na mada.

binti_urojo (Unguja)

😂😂 Nimemsomea mama yote haya wakati anakata viazi. Nikamwambia mama, wastani wako ni 50 kwa hiyo ukipika bakuli 50 uko sawa. Akaniuliza ile Alhamisi ya 61 wale kumi na moja wangekwenda wapi, nikasema wangerudi. Akasema hawarudi, wanakwenda kwa jirani na wakionja kwake ndo basi tena, bora ibaki kachori atakula kaka yako asubuhi. Yeye anapika ya 60 kila siku. Nikakaa nikafikiri, 50 ongeza 7.65 ni 57 na kitu, mama kaizungushia juu.

Nimeanza daftari, kila jioni naandika idadi na hali ya hewa na kama pana mpira kwenye tivii. Nikifika siku 30 ntarudi hapa na mediani yangu. Mama lakini anauliza hiyo data yake mnayoichezea humu nani atakuja kumlipa.