Barabara imepigwa video kwa setilaiti, kalavati limeangukia kwenye shamba la mahindi. Huu ni upimaji gani?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa.

Barabara za vijijini wilayani kwetu zilipigwa video. Gari lenye kamera na antena ya setilaiti juu lilipita kote, tukaambiwa sasa kila kalavati na kila mtaro utajulikana ulipo bila mtu kushuka na futi. Mimi ni fundi sanifu wa barabara, nilifurahi kuliko wote. Ripoti imekuja, ni aibu tupu.

Fungua picha ya kalavati moja bovu. Inaonekana safi kabisa: ukuta wa mdomoni umepasuka, mchanga umejaa nusu ya bomba, maji yameshaanza kula bega la barabara. Sasa chukua koodineti zake (namba zinazoonyesha mahali kilipo kitu) uzifuate. Unafika penye mahindi kulia na kushoto, pakavu, hata mfereji hakuna. Kalavati lenyewe liko mbele kama mita 300! Na mafundi walishatumwa kwa koodineti hizo hizo, wakashusha mabomba ya zege pembeni ya shamba la mtu. Yamelala pale hadi leo, na mvua zinakuja.

Tulipohoji, mshauri aliyefanya upimaji akasema tatizo ni ramani zetu za zamani, zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti wa Afrika Mashariki, wakati setilaiti zinatumia WGS 84, mfumo wa dunia nzima. Wakubwa wakaitikia, kikao kikafungwa.

Jamani, hapana. Tofauti hiyo ipo kweli, na huku kwetu ni kama mita 300, ndiyo maana jibu lilipita kirahisi. Lakini Arc 1960 inasogeza kila kitu upande ule ule. Hapa gari likienda, alama zinaangukia nyuma, upande wa mjini. Likirudi kwenye barabara hiyo hiyo, zinaangukia upande wa milimani. Na kwenye vilima, ambako gari lilitambaa kama kilomita 20 kwa saa, kosa linashuka hadi mita 100 hivi. Ramani inajuaje kwamba dereva amegeuza gari au amepunguza mwendo?

Hilo ni kosa la saa. Saa ya GPS haiongezewi zile sekunde za marekebisho zinazoongezwa kwenye UTC, yaani saa rasmi ya dunia, kwa hiyo tangu Januari 2017 iko mbele kwa sekunde 18. Kamera ilisetiwa kwa UTC, risiva (kile kifaa cha garini kinachopokea setilaiti na kuandika mahali gari lilipo) ikaandika saa ya GPS, mtu akaunganisha mafaili mawili bila kuuliza. Kila picha ikapewa mahali gari lilipokuwa sekunde 18 kabla. Kwa kilomita 60 kwa saa hizo ni mita 300. Pigeni hesabu wenyewe.

Na msiniambie "GPS huwa inakosea". Marekani iliacha kuchafua mawimbi yake kwa makusudi Mei 2000. Kwenye uwazi, hata simu ya mfukoni inakosea mita chache tu. Setilaiti zilifanya kazi yake. Aliyelipua kazi ni binadamu, na hela ni ya walipa kodi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ni ndogo. Hakuna haja ya kurudisha gari barabarani. Watoe video ghafi na faili la risiva, waondoe sekunde 18, halafu wakague kwa vitu vinavyoonekana wazi kwenye picha, kama mwanzo wa daraja au nguzo ya kilomita, kwenda na kurudi. Vikikaa mahali pamoja pande zote mbili, wamepatia. Hapo ndipo tubishane kuhusu mambo madogo: umbali wa antena hadi kamera, au risiva kuandika mara moja kwa sekunde wakati video ina fremu (picha) 25 kwa sekunde. Hayo ni mita, siyo mamia ya mita.

Mafaili hayo tumeyaomba, tunaambiwa ni mali ya mshauri. Mali yake vipi wakati tumeilipia?

Wadau wa upimaji na manunuzi, mikataba yenu inasemaje kuhusu kukabidhi data ghafi? Wekeni kifungu hapa neno kwa neno, nikiingize kwenye barua kabla malipo ya mwisho hayajatoka.