Yah: Fomu imeuliza kama nilikuwa "settled", nikajibu ndiyo, sasa nimeandikiwa barua

Mama Imani, Reading – Jumatatu, saa 4:10 usiku

Hamjambo wanajumuiya, na wakubwa shikamooni. Nina shida, na naomba mnisome hadi mwisho kwa sababu muda ni mfupi.

Mwanangu alizaliwa hapa Uingereza mwaka 2024. Mimi na baba yake tuliingia 2022 kwa viza ya Health and Care (ya kazi za afya na uangalizi), yeye akiwa tegemezi wangu. Miezi miwili iliyopita tulimwombea mtoto pasipoti ya hapa. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza kama mzazi mmojawapo alikuwa "settled" siku mtoto alipozaliwa. Nikajibu ndiyo. Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa na kazi, nyumba tumepanga kwa jina langu, daktari wa mtaa (GP) ninaye, kodi inakatwa kila mwezi. Wiki ya tatu tangu nifike, meneja wangu aliniuliza, "Have you settled?" nikamjibu ndiyo, nimeshazoea, namshukuru Mungu. Kwangu lilikuwa neno lile lile.

Juzi imekuja barua. Ombi limekataliwa, ada hairudi, na maelezo niliyotoa wanasema si sahihi. Chini kabisa kuna sentensi inayonikosesha usingizi: "To settle this matter, please respond within 14 days." Yaani nijibu ndani ya siku 14. Neno hilo tena! Hapa wanataka nilipe kitu, au niandike maelezo? Na hiyo "ndiyo" yangu itanifuata nitakapofika kwenye ILR, ile ruhusa ya kukaa bila kikomo? Msaada tafadhali.

Baba Pacha, Leeds – Jumatatu, saa 4:52 usiku

Mama Imani, pole sana. Usiogope. Mimi nilipitia hayo hayo. Mke wangu ni Mreno, kwa hiyo niliomba kupitia EUSS (EU Settlement Scheme) mwaka 2020 kama mwanafamilia. Wakanipa "pre-settled" kwanza, yaani ruhusa ya muda. Nikakaa, nikatimiza miaka 5, nikapewa "settled". Hata mimi mwanzoni sikuelewa mtu anawezaje kuwa nusu ametulia. Ingia kwenye akaunti yako ya UKVI (idara ya viza), tengeneza share code (namba ya kuonyesha hadhi yako), utaona kama wewe ni pre-settled au settled. Ukiona pre-settled, waandikie hivyo hivyo, yataisha.

Dada Muuguzi, Birmingham – Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Baba Pacha, kwa heshima zote, unampoteza mwenzetu. EUSS ni ya raia wa Ulaya na jamaa zao, na mlango wake mkuu ulifungwa tarehe 30 Juni 2021. Mama Imani kaja 2022 kwa viza ya kazi. Hana pre-settled wala hawezi kuwa nayo. Tusiwe tunajibu kwa sababu tu neno tumelisikia mahali.

Mama Imani, kwenye fomu ya mtoto neno hilo linatoka kwenye Sheria ya Uraia ya 1981. "Settled" ya pale maana yake ni mtu anayeishi hapa kwa kawaida yake na ambaye ruhusa yake ya kukaa haina tarehe ya mwisho. Basi. Haiulizi kazi, haiulizi nyumba wala kodi. Viza yako ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo siku mtoto anazaliwa hukuwa "settled", hata kama ulikuwa umetulia kuliko majirani zako wote. Kuzaliwa kwenye ardhi hii peke yake kulikoma kutoa uraia tangu 1 Januari 1983.

Lakini nakuelewa, tena sana. Neno hili lilishanifanya nimwache mgonjwa na maumivu. Zamu yangu ya kwanza ya usiku, mwenzangu akaniambia kitanda cha sita "hasn't settled". Mimi shuleni nilifundishwa "settle the bill", kulipa. Nikadhani ni habari za malipo, zinawahusu ofisi, nikaendelea na kazi nyingine. Kumbe alikuwa ananiambia mzee wa watu hajatulia, anagaagaa, nenda kamwangalie. Nilifika kwake karibu saa nzima baadaye. Alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda. Sijamsahau. Tangu siku hiyo kila muuguzi mpya kutoka kwetu namkalisha chini, namwambia: ukiandika "settled night" kwenye kabrasha, maana yake umemtazama na umeona amelala bila shida. Usiiandike kwa mazoea.

Mzee Karani, Leicester – Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Marahaba wanangu.

Neno hili lina sumu, na mimi nitawaeleza liliponiuma. Kiwanda nilichofanyia kazi miaka mingi kilipotaka kutupunguza, nilipewa karatasi inaitwa "settlement agreement". Nikaona vizuri, wanataka tupatane. Kwetu watu wakipatana, wanakaa, wanasema, kila mmoja anatoa kilicho moyoni. Haikuwa hivyo. Ukitia saini pale unaziuza haki zako za kuwashtaki kuhusu yote yaliyoorodheshwa mle. Yaani "settle" ya pale ni kufunga mdomo kwa bei.

Bahati yangu sheria inadai upate kwanza ushauri wa mtu asiye upande wa mwajiri, la sivyo saini yako haina nguvu. Mwanasheria aliyenishauri alilipwa na kampuni, lakini alinisimamia mimi. Alisoma ukurasa wa tatu akaniuliza, "Unajua kwamba hapa unaacha na madai ya mgongo wako?" Sikuwa najua. Tulirudisha karatasi, ikarekebishwa. Vijana, msitie saini siku hiyo hiyo, hata meneja akisimama juu yenu na kalamu.

Na lingine. Ukiwa na deni ukamwomba mdai apokee pungufu ili yaishe, watakuandika "partially settled" kwenye ripoti ya mikopo, na hiyo inakaa miaka 6. Si sawa na "settled". Binti yangu hakuijua tofauti hiyo hadi alipoomba mkopo wa nyumba.

Baba Pacha, Leeds – Jumanne, saa 6:40 mchana

Mzee wangu shikamoo. Hiyo si "compromise agreement"? Sisi kazini kwetu waliiita hivyo.

Na Dada Muuguzi, mimi nilitoa uzoefu wangu, sikusema ni sheria.

Mzee Karani, Leicester – Jumanne, saa 6:58 mchana

Ndiyo hiyo hiyo. Waliibadilisha jina mwaka 2013. Yangu ni ya baada ya hapo, kwa hiyo nimeiita kwa jina lake.

Msimamizi wa orodha – Jumanne, saa 12:05 jioni

Ndugu zangu, nakumbusha: mambo ya viza na uraia, mtafute mshauri aliyesajiliwa na OISC (ofisi inayosimamia washauri wa uhamiaji) au mwanasheria. Kuendesha kazi ya ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa la jinai kwa Sheria ya 1999. Kusimuliana yaliyotupata hakuna ubaya.

Dada Muuguzi, Birmingham – Jumanne, saa 1:30 usiku

OISC haipo tena kwa jina hilo. Tangu Januari 2025 ni IAA. Mtu akitafuta jina la zamani anaweza kuangukia kwa matapeli.

Namalizia kwa Mama Imani kuhusu mtoto. Mmoja wenu akipata ILR kabla mtoto hajafikisha miaka 18, mtoto ana haki ya kusajiliwa kuwa raia. Fomu ni MN1. Haiji yenyewe, lazima uombe, na kuna ada, ingawa familia isiyo na uwezo inaweza kuombea mtoto msamaha wa ada. ILR ikichelewa, mtoto akitimiza miaka 10 akiwa ameishi hapa tangu azaliwe, kuna Form T. Kwa sasa mkatieni pasipoti ya nyumbani kupitia ubalozi, na msisafiri naye kabla ya kumwombea viza ya tegemezi. Kukaa hapa bila viza si kosa lake kwa kuwa kazaliwa hapa, ila akitoka, mtakwama kumrudisha.

Mwana wa Pwani, Norwich – Jumatano, saa 5:20 usiku

Assalaam alaykum. Nimesoma mnyororo huu wote, nikashindwa kulala bila kusema kitu.

Ninasoma isimu hapa, na neno hili nilikuwa nimelichimba. "Settle" inatokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kiti. Ni ndugu wa "sit". Mtu anakaa kitako, vumbi linatua, mgonjwa anatulia, deni linatulizwa, ugomvi unakalishwa chini. Chanzo kimoja, nacho ni kitu kilichokuwa juu juu kikakaa. Nasi tunalo lile lile: kukaa. Tunauliza "unakaa wapi?" na tunasema "kaa kwenye kiti" kwa kitenzi kimoja. Ndiyo maana Mama Imani alijibu ndiyo bila kusita. Kwa lugha yake alikuwa anakaa Reading, na hakukosea.

Ila Kiswahili kina neno jingine ambalo nadhani ndilo lililokuwa limejificha kwenye fomu: kulowea. Kwenda ugenini ukakaa moja kwa moja. Kukaa unaweza kukaa hata kwa mwezi. Kulowea ni jambo zito. Lau fomu ingemuuliza "Je, umelowea?" angejua papo hapo kwamba anaulizwa kitu kikubwa, na angefikiri.

Na anayelowea anaitwa mlowezi. Hapo ndipo moyo unaniuma. Walowezi tuliwasoma shuleni: ni wale waliokuja kwetu, wakapewa ardhi ya watu, wala hakuna aliyewatahini lugha yetu. Sisi hapa, ili tupewe ILR, tunafanya mtihani wa Life in the UK, maswali 24, dakika 45, upate angalau 18, na Kiingereza cha B1 (kiwango cha kati) juu yake. Tena Waraka wa Serikali wa Mei 2025 ulipendekeza miaka ya kungojea ILR ipande kutoka 5 hadi 10. Watu waliojipanga kwa miaka 5 wanaambiwa huenda wataanza kuhesabu upya. Mama Imani naye ni mmoja wao.

Mzee Karani, Leicester – Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Mwanangu wa Norwich, umenigusa. Sisi kwetu Kenya tuliwaita masetla. Na baba yangu alipata shamba lake kwenye skimu, ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962. "Settlement scheme". Ardhi iliyokuwa ya watu wetu ikanunuliwa kwa mkopo kutoka kwa masetla waliokuwa wanaondoka, na baba akaulipa mkopo ule mwaka hadi mwaka. Alikuwa na kijitabu cha malipo, alikihifadhi kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Siku niliposikia hapa wanatangaza "EU Settlement Scheme", nilinyamaza nikamkumbuka. Maneno yale yale, na safari hii mimi ndiye mgeni.

Nina ILR yangu. Lakini nikikaa nje ya nchi hii zaidi ya miaka 2 mfululizo, inakufa. Mama yangu alipougua nilikaa naye miezi minane, huku nahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Aliniona nikihesabu. Hakuuliza.

Baba Pacha, Leeds – Alhamisi, saa 2:45 asubuhi

Mzee, pole sana. Sisi wa settled status tunaruhusiwa miaka 5. Sikujua kwamba ILR ni 2 tu. Mungu ampumzishe mama kama ametangulia.

Mimi watoto wangu wananiuliza kwa nini kila mwaka nasema "tutarudi". Sina la kuwajibu.

Mwana wa Pwani, Norwich – Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Mzee wangu, kwa ruhusa yako nitaandika habari ya kijitabu kile, bila jina. Isipotee.

Mzee Karani, Leicester – Alhamisi, saa 3:25 asubuhi

Andika. Lakini andika pia kwamba alimaliza kulipa.

Mama Imani, Reading – Alhamisi, saa 4:30 usiku

Nawashukuru wote. Dada Muuguzi, Mungu akubariki, sasa habari ya mtoto nimeielewa, na ubalozini tumeshapiga simu. Mzee wangu, nimelia nikisoma.

Lakini barua bado iko mezani na leo ni siku ya tano. Hakuna aliyeniambia "settle this matter" ni ipi kati ya zote mlizozitaja. Ni ya kulipa, kama deni la binti wa Mzee? Ni ya kusaini na kunyamaza? Au ni ya kukaa chini tukaeleweshana? Nimempigia mshauri mmoja aliyesajiliwa, nafasi anayo wiki ijayo, Alhamisi, yaani siku ya kumi na mbili. Nimeandaa maelezo yangu kwa mkono, nusu ukurasa. Yanaanza hivi: "I misunderstood the word settled." Halafu nimekwama, maana kila nikitaka kueleza maisha yetu ya hapa, neno linalonijia ni lile lile.

Kama kuna mwenye dakika kumi kesho jioni anipigie, niko nyumbani kuanzia saa 12.