Jikoni kwa Bibi, Pangani: vya kuwashia moto kabla ya masika

Shangazi Zuhura: Assalamu alaykum jamaa wote. Mliokuwepo Jumapili mnajua kwamba pilau ya hitima ilichelewa hadi saa nane mchana, kwa sababu kuni zilikuwa zimelowa na vijana, badala ya kutafuta kilifu, ule wavu wa nyuzi unaoshika vitako vya makuti mnazini, wakazimiminia mafuta ya taa. Wali ulinuka, na wazee wawili walisukuma sahani zao pembeni. Naomba kila nyumba ikusanye vya kuwashia moto mapema, kabla masika hayajatukuta.

Omari: Waalaykum salaam, Shangazi, na shikamoo. Naomba radhi, maana aliyemimina mafuta ni mimi. Nilianza na makuti, yakalipuka kwa kishindo na kuzimika kuni hazijashika.

Shangazi Zuhura: Marahaba, mwanangu. Makuti hayana kosa. Wewe ulitoka kwenye kuti ukaenda moja kwa moja kwenye gogo la mwembe, ilhali katikati panatakiwa vijiti vyembamba kama njiti za ufagio, kisha vya unene wa kidole, ndipo kuni zenyewe.

Salma: Ninaandika kwa niaba ya Bibi. Anasema kilifu kizuri ni kile ambacho bado kimeshikamana na mnazi, kwa kuwa hata mvua ikinyesha upepo hukikausha, lakini kilichokwisha kuanguka hunyonya unyevu wa ardhi. Kichambuliwe kwa vidole mpaka nyuzi ziachane, kisha kifinyangwe kama kiota cha ndege, kikiwa kimelegea ili hewa ipite. Na kijiti kisicholia kinapovunjwa kirudishwe juani.

Mama Mdogo Rehema: Huku Mafinga hatuna minazi. Tunaokota matawi makavu ya mipaina yenye utomvu ulioganda, ambayo hushika moto hata yakiwa na umande. Ubaya wake ni masizi; sufuria yangu mpya sasa haitofautiani na ya marehemu mama mkwe.

Omari: Je, vile vijiti vikavu vya ua wa mnyaa nyuma ya nyumba vinafaa? Viko tele.

Shangazi Zuhura: Usiviguse kabisa! Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni utakukesheza, na moshi wake nao hauna huruma. Tafuta makarara, yale maganda magumu yanayofunika maua ya mnazi, yaliyokauka, uyapasue kwa panga kufuata urefu wake. Hivyo ndivyo vijiti vyako vya katikati.

Salma: Bibi anashangaa kwamba hakuna aliyetaja makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi. Anasema kumbi halina haraka ya kuwaka, bali hulea moto. Alipokuwa msichana, moto haukuwashwa upya kila asubuhi. Mtoto alitumwa kwa jirani kupalia moto, akarudi na kaa ndani ya kifuu, limelazwa juu ya nyuzi za kumbi, naye akitembea upesi huku akilipuliza. Ameongeza kwamba Omari angetumwa yeye, nyumba ingelala na njaa.

Omari: Nimekubali, Bibi. Jumamosi nitakuja na panga, nipasue makarara na kuchambua kilifu cha kujaza gunia moja.

Shangazi Zuhura: Makumbi yatatoka kwangu. Gunia lisiwekwe sakafuni kama mwaka jana. Litundikwe kwenye boriti upande wa mafiga, mbali na ndimi za moto, lipate joto tu. Na hilo dumu la mafuta ya taa nimekwisha kulihamishia chumbani kwangu.