Mgongo wazi na kichwa maji kwa mtoto mchanga: husababishwa na nini, na mimba ijayo italindwa vipi?

Bint wa Kisauni anauliza:

Assalaam alaikum, na salamu kwa wote. Ninaandika kwa idhini ya wifi yangu, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa akiwa na uvimbe laini kiunoni, wenye ngozi nyembamba kama ya lengelenge, mahali ambapo uti wa mgongo ulipaswa kufungika. Madaktari waliuita mgongo wazi, wakamfanyia upasuaji wa kuuziba kabla hajatimiza siku tatu, na jeraha likapona vizuri. Wiki chache baadaye kichwa kilianza kukua kuliko mwili, ikabidi apasuliwe tena na kuwekwa mrija wa kuteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mtoto yu hai, anacheka na kuwatambua watu wa nyumbani, ingawa miguu yake haina nguvu.

Maneno ya watu ni mengi. Wapo wazee wanaosema ni kijicho, wapo wanaosema ni shetani aliyempitia mama akitoka nje wakati wa magharibi, na jirani mmoja amesema mbele yetu kwamba hayo ndiyo malipo ya kuoana binamu, kwa kuwa kaka yangu na mkewe ni watoto wa ndugu wawili. Kinachomchanganya wifi zaidi ni kwamba alianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne, kama walivyofanya dada zake, na hakuacha kumeza hata tembe moja ya zile alizopewa. Sasa wanatamani mtoto wa pili lakini anaogopa. Ningeomba wenye ujuzi watueleze sababu hasa, na kama kuna jambo la kufanya kabla hajashika mimba.

Mkunga Mstaafu, Mvita:

Wa alaikum salaam, mwanangu. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utando bapa ambao kingo zake hujikunja, zikakutana na kushikana kuwa mfereji, na kazi hiyo yote hukamilika ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa. Sasa hesabu mwenyewe: mwanamke anayeona hedhi kwa mpango wa kawaida hugundua kwamba amechelewa mimba ikiwa na takriban wiki mbili, na wengi wetu hungoja wiki mbili tatu nyingine ndipo tupime mkojo, wakati ambapo mfereji huo ama umekwisha kufunga ama umekwisha kushindwa. Ukishindwa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi sehemu ya nyuma ya ubongo huteremka kuelekea shingoni ikaziba njia ya maji, ndiyo maana kichwa cha mtoto wenu kilianza kukua baada ya mgongo kuzibwa. Ukishindwa kufunga upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo haviumbiki, na mtoto wa namna hiyo haishi.

Kwa hiyo tembe alizomeza wifi yako kuanzia mwezi wa nne zilimfaa kwa damu yake na kwa ukuaji wa mtoto, lakini hazingeweza kurudi nyuma na kufunga kilichopaswa kufungika katika mwezi wa kwanza. Hakuna alichokosea; alifuata utaratibu aliouona. Utaratibu wenyewe ndio unaochelewa. Sisi watu wa Pwani tuna desturi ya kuficha mimba mpaka ijionyeshe yenyewe, kwa kuogopa husuda, na mimi sina ugomvi na anayeficha. Afiche kwa jirani, asimfiche muuguzi. Bora zaidi ni kufika kliniki mapema, akiwa bado anapanga tu kupata mtoto.

Ama suala la binamu, lisemwe kwa kipimo chake. Kwa wazazi wasio na udugu, takriban watoto 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya maumbile ya aina moja au nyingine, na kwa binamu wa kwanza idadi hiyo hukaribia 6. Hatari inaongezeka, hilo ni kweli, hasa kwa maradhi yanayorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, lakini watoto walio wengi huzaliwa salama, na huyo jirani hana msingi wa kutoa hukumu. Mgongo wazi hautokani na jambo moja. Urithi umo, upungufu wa vitamini iitwayo foleti umo, pia kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba, unene uliopita kiasi, homa kali katika wiki za mwanzo, na baadhi ya dawa. Ningependa kujua: je, wifi yako ana sukari, au anatumia dawa yoyote ya muda mrefu, hasa ya kifafa?

Mfamasia wa Tudor:

Niongeze upande wa dawa. Foleti ni vitamini ya kundi B inayohitajika kila seli inapogawanyika, na katika umbo la tembe huitwa asidi ya foliki. Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1991, pale utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza na kuhusisha nchi 7 ulipowapa asidi ya foliki miligramu 4 kwa siku wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hii, kuanzia kabla ya kushika mimba, na kurudia kwa kasoro hiyo kukapungua kwa asilimia 72.

Kwa mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto wa aina hii, kipimo ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia anapofikiria kushika mimba mpaka wiki ya 12. Wifi yako yuko katika kundi jingine, kwa sababu aliyepata mtoto mmoja wa namna hii ana uwezekano wa takriban 2 hadi 3 kwa kila 100 wa kupata mwingine. Yeye huandikiwa na daktari kipimo kikubwa, yaani miligramu 4 au 5, na vizuri akianze miezi michache kabla. Tembe za kliniki zenye madini ya chuma na foliki kwa pamoja zina miligramu 0.4 tu za foliki, na haifai kumeza kumi kwa siku ili kufikisha 4, kwa kuwa chuma kitamdhuru.

Hapa kwetu kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havina haja ya kulitaja. Mombasa ni eneo la malaria, na kuanzia miezi mitatu ya kati wajawazito hupewa dawa ya kinga ya salfadoksini na pirimethamini, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la Fansidar. Foliki ya miligramu 5 hudhoofisha kazi ya dawa hiyo. Ndiyo maana kipimo kikubwa hukoma wiki ya 12, kisha mama akaendelea na kile kidogo, ambacho hakina ugomvi na kinga ya malaria. Nimekutana na akina mama waliouziwa tembe za miligramu 5 bila kuulizwa wana mimba ya miezi mingapi, wakazimeza mpaka siku ya kujifungua.

Kuhusu chakula, mbaazi, pojo, maharagwe, mchicha, maini na machungwa vyote vina foleti, lakini vitamini hii huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto wa muda mrefu. Anayechemsha mbaazi, akamwaga maji yake ndipo atie tui, amemwaga na sehemu nzuri ya foleti. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inavitaka viwanda vitie asidi ya foliki, pamoja na chuma na zinki, katika unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa pakiti, kwa hiyo hata mahamri ya asubuhi yana mchango wake. Unga wa kusagisha mtaani haumo katika mpango huo. Chakula pekee hata hivyo hakitoshi kwa mtu aliye katika hali ya wifi yako.

Mama wa Likoni:

Dada, mwanangu naye ana mrija, lakini yeye alizaliwa na kichwa cha kawaida na mgongo mzima. Alipata maambukizi makali akiwa na wiki chache, akatibiwa akapona, kisha kichwa kikaanza kuvimba. Daktari alinieleza kwamba Afrika Mashariki njia hii ni ya kawaida sana: Dkt. Benjamin Warf, alipokuwa akifanya kazi Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa kichwa maji aliowapokea walikuwa wameugua maambukizi kwanza. Huko huko ndiko alikoendeleza upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, ili baadhi ya watoto wasitegemee mrija maisha yao yote. Hapa Kenya, hospitali ya misheni ya Kijabe imehudumia watoto wetu wa mgongo wazi na kichwa maji kwa miaka mingi, na wapo wazazi wa Pwani wanaosafiri hadi huko kwa rufaa.

Ninachokuomba ni kumfundisha wifi kupima kichwa cha mtoto kwa futi ya fundi wa nguo, akiizungusha juu kidogo ya nyusi na kupita pale nyuma palipotokeza zaidi, kisha aandike kipimo katika kitabu cha kliniki. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa karibu sentimita 35 anapozaliwa, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kwa takriban sentimita 2 kila mwezi. Mtoto mwenye mrija akianza kutapika bila sababu, akilala kuliko kawaida, utosi ukitokeza na kukaza, au macho yakielekea chini kama jua linalozama, huenda mrija umeziba. Hapo hapana kungoja asubuhi.

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga:

Mazungumzo ni mazuri, lakini wasomaji wasidhani kwamba kila ubongo ulioathirika uliharibika mwezi wa kwanza. Wengi wa tunaowapokea waliumbwa salama, wakaumia wakati wa kuzaliwa au siku chache baadaye. Mtoto aliyekaa njiani muda mrefu na kukosa hewa anaweza kupata utindio wa ubongo au kifafa, na kinga yake ni kuzalia mahali penye mtu anayejua kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, na penye njia ya kumfikisha mama kwenye upasuaji. Yapo pia yanayoweza kuuathiri ubongo wa mtoto kupitia kwa mama mjamzito: kaswende, ambayo hupimwa na kutibiwa kliniki, rubela na upungufu wa madini ya joto. Rubela, ugonjwa wa virusi, haina tiba mama akishaipata, ila ina chanjo, ambayo Kenya ilianza kuitoa pamoja na ya surua mwaka 2016. Madini ya joto, yaani iodini, tunayapata katika chumvi.

Linalonisumbua ni umanjano. Mtoto akigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano ikishuka mpaka nyayoni, ile rangi inaweza kupenya kwenye ubongo na kumwachia uziwi na mwili usiotulia maisha yake yote, na kumwanika kwenye jua la asubuhi barazani hakuchukui nafasi ya taa maalumu za hospitali. Pwani yetu ina watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao chembe zao nyekundu za damu hupasuka kwa urahisi zikikutana na baadhi ya dawa na kemikali, na ndipo manjano hiyo huzidi. Kemikali mojawapo ni ile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa katika sanduku la nguo ili kufukuza nondo na mende. Nguo za mtoto wa kwanza hutunzwa humo miaka miwili mitatu, kisha mdogo wake akavishwa siku ya kuzaliwa zikiwa bado zinanukia, na manjano ikapanda kwa kasi ya kutisha. Nguo za mtoto zihifadhiwe bila ya vidonge hivyo kabisa. Udi utoshe, tena si chumbani alimolala mtoto.

Bint wa Kisauni:

Nawashukuru sana. Nimemsomea wifi majibu yote. Sukari hana, lakini alipata kifafa akiwa shuleni na tangu hapo anatumia dawa. Ameniletea pakiti yake na imeandikwa sodiamu valproeti. Anasema hajaanguka kwa miaka kadhaa, na sasa anataka kuiacha leo hii. Je, aiache?

Mfamasia wa Tudor:

Asiiache leo, wala asipunguze mwenyewe. Kifafa kikirudi ghafla kinaweza kumuua, na akianguka akiwa na mimba humhatarisha mtoto pia.

Hata hivyo, swali la Mkunga limegusa penyewe. Valproeti inajulikana kuongeza hatari ya mgongo wazi, na inaweza pia kupunguza uwezo wa akili wa mtoto hata pale mwili wake unapoumbika vizuri. Shirika la Afya Duniani limeshauri isiandikiwe wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, isipokuwa pale ambapo dawa nyingine zimeshindwa. Siwezi kusema kwamba ndiyo iliyosababisha kwa mtoto wenu, kwa kuwa wanawake wengi walioitumia wamezaa watoto wazima, lakini ningeiweka mbele ya habari ya binamu, na mbele zaidi ya kijicho.

Aende na pakiti hiyo kwa daktari wa kifafa, kwa mfano kwa rufaa ya Hospitali ya Pwani pale Makadara, amwambie wazi kwamba anataka mtoto na kwamba wa kwanza alikuwa na mgongo wazi. Zipo dawa zenye hatari ndogo zaidi, kama lamotrijini na levetirasetamu, lakini kuhama kutoka moja hadi nyingine hufanywa polepole, kwa wiki au miezi, na wakati huo aendelee kutumia njia ya uzazi wa mpango. Foliki ya kipimo kikubwa aiombe siku hiyo hiyo, akijua kwamba haifuti hatari yote ya valproeti. Mimba ikishaingia, awahi kliniki kabla ya wiki ya 12, na aombe picha ya mawimbi ya sauti kati ya wiki ya 18 na 20, wakati ambapo mgongo na kichwa cha mtoto huonekana vizuri. Kama kutakuwa na tatizo, watapata muda wa kupanga azalie wapi na nani atampokea mtoto.