Tupeane uzoefu: Ulirudi ukakuta mchezo ule ule, hadithi nyingine

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Leo nawaomba wale mliowahi kupanda mchezo kwenye bustani kubwa za burudani, mkarudi baada ya miaka na kukuta umevalishwa filamu ambayo watoto wa sasa wanaijua. Ulijisikiaje?

Naanza. Pale EPCOT, bustani ya Disney huko Florida, kwenye sehemu inayoonyesha nchi ya Norway, palikuwa na safari ya mashua iliyoitwa Maelstrom, tangu 1988. Ndani mna Waviking, mna jitu lenye vichwa vitatu linalokasirika na kuitupa mashua kinyumenyume. Nilipanda na marehemu baba. Wakaifunga Oktoba 2014, na Juni 2016 ikafunguliwa kwa jina la Frozen Ever After, ikivalishwa filamu ya Frozen. Nilipompeleka binti yangu nilikuwa nimenuna tangu kwenye foleni. Tukapanda mwinuko ule ule, tukakata kona, Elsa, malkia wa barafu wa filamu hiyo, huyu hapa anaimba, na mikono yangu ikashika chuma yenyewe kabla mashua haijaanza kurudi nyuma. Njia hawakuibadilisha! Binti alipiga yowe, na mimi nikamkumbuka baba mpaka machozi yakanitoka.

Mchangiaji wa 2:
Pole kwa baba, mkuu. Mimi nitaongelea Splash Mountain, mchezo wa mashua za magogo zinazoporomoka na maji, na bado nina mioyo miwili.

Ilifunguliwa Disneyland, California, 1989, ikabeba wanyama wa filamu ya 1946, Song of the South. Filamu hiyo ililaumiwa tangu ilipotoka kwa namna ilivyopamba maisha ya watu weusi mashambani huko kusini mwa Marekani, na haikuwahi kuuzwa kwa video nchini humo. Kwa hiyo sababu ya kuibadilisha naielewa na naiunga mkono. Lakini Brer Rabbit, shujaa wa mchezo huo, ni nani? Ni Sungura mjanja yule yule tunayemjua! Hadithi zake zina mizizi Afrika, zilivuka bahari na waliotekwa. Na mchezo ulijengwa juu ya ujanja wake: amekamatwa, anamsihi Mbweha, "nifanye utakalo ila usinitupe kwenye miiba," huku miiba ndiyo kwao. Lile poromoko la karibu mita 15 ndilo lililokuwa kutupwa kwenyewe. Unaanguka na Sungura, unatoroka naye.

Sasa ni Tiana's Bayou Adventure, iliyofunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba mwaka huo. Tiana wa filamu ya 2009 anatafuta wanamuziki wa sherehe. Muziki mtamu, sanamu za mitambo zinajongea kama watu. Mwanangu wa kike alimwangalia Tiana kwa namna ambayo sitaisahau, maana anafanana naye. Ila tulipofika kileleni nikajiuliza tunaanguka kwa nini, kwa sababu hakuna anayetufukuza. Kwangu hapo ndipo pengo lilipo: maji yamebaki, hofu haina mwenyewe.

Mchangiaji wa 3:
Umenena. Niongeze kwamba Splash Mountain nayo ilirithi. Sanamu nyingi za wanyama wa ile ya California zilitoka kwenye onyesho la America Sings, lililofungwa 1988. Jengo, mfereji na pampu ndivyo vinavyokula fedha, kwa hiyo hadithi ndiyo inayohama.

Mchangiaji wa 4:
Manowari za Disneyland zilianza 1959, zikasimama 1998, zikarudi 2007 na Nemo, samaki wa filamu ya katuni. Miaka tisa! Bora samaki wa katuni kuliko manowari zisizo na abiria.

Mchangiaji wa 5:
Mimi bado naumia kwa Tower of Terror ya California, mchezo wa lifti inayoporomoka. Lifti ilikuwa inakaa kimya gizani kabla haijaporomoka, na ule ukimya ndio ulionitisha zaidi ya kuanguka. Tangu Mei 2017 imevalishwa filamu ya Guardians of the Galaxy, nyimbo zinapigwa kwa nguvu, watu wanacheka wakiruka juu chini. Wadogo zangu wanaipenda kuliko chochote. Nimepanda mara tatu nikiutafuta ule ukimya.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu wa 5, nakuelewa kabisa.

Mleta mada:
Asanteni. Mkuu wa 2, kama una hamu na Sungura, Tokyo bado yupo. Huko Splash Mountain haijaguswa, na anatupwa kwenye miiba kila baada ya dakika chache. Nani amepanda ya huko atusimulie?